Orodha ya Bwana Kipimo

Al Wukair, Doha
14 Januari 2010

Babu yangu,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza hali ya kifua chako, na kabla sijakupa salamu za Baba na Mama, nataka kusema jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Nikianza na salamu najijua, nitaishia kwenye salamu.

Unakumbuka arobaini ya Bibi Zaina, mke wa kaka yako, Babu Athumani? Ilikuwa mwaka 2003 na mimi nilikuwa na miaka tisa. Ulinituma nivuke korongo nipeleke sufuria ya wali na nyama nyumbani kwao. Niliporudi nilikwambia wamepokea, wamekula na wamekushukuru. Si kweli. Mkamwana wao alifunua sufuria mlangoni mwa jiko, akaniuliza imetoka kwa nani, nikasema kwa Babu Kassim. Akafunika. Akasema, "Chakula cha karani hakiliwi nyumba hii. Kirudishe, mwanangu, wewe huna kosa." Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi hawakuinua hata vichwa.

Niliona aibu kurudi na sufuria imejaa. Nikazunguka nyuma ya migomba nikamwaga kila kitu kwenye shimo la samadi, nikaosha sufuria mtoni, nikakuletea. Wewe ukasema alhamdulillah. Mwaka uliofuata tukahamia huku, na uongo ule nikaja nao.

Nakueleza sasa kwa sababu wiki iliyopita Shangazi Tatu alimpigia Baba simu. Alisema Babu Athumani anaumwa, na wewe unataka kwenda kumwona kama mtu ambaye mambo yake na kaka yake yamekwisha. Baba akasema, "Watamfukuza mzee." Nikaona kwamba ukifukuzwa mbele ya watu, nitakuwa nimekupeleka mimi.

Jambo la pili ni swali. Kwa nini wanaita "karani" kama watu wanavyoita "mwizi"? Nikimuuliza Baba ananiambia nikuulize wewe. Anatoka saa kumi alfajiri na basi la kupeleka vibarua kwenye ujenzi, anarudi jua limezama, anakula amefumba macho. Simlaumu kwa kutonijibu.

Haya, sasa salamu. Kifua kinaendeleaje? Shangazi anakuchemshia tangawizi? Sisi ni wazima. Mama anakusalimu sana.

Mjukuu wako,
Shani


Kwemzizi, Lushoto
6 Februari 2010

YAH: SUFURIA

Bibie,

Marahaba. Barua yako ya tarehe 14 Januari imenifikia tarehe 2 mwezi huu, nami naijibu kama ifuatavyo. Kifua kinabana asubuhi, kinaachia mchana. Magoti ndiyo yamekataa utumishi. Tangawizi nakunywa mpaka nimechoka nayo.

Kuhusu sufuria, nilijua. Ilirudi tupu, Shani. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, hata maskini atatia ndizi mbili au chumvi ya kijiko. Wangekula, wangetia kitu. Nilisema alhamdulillah kwa kuwa ulikuwa umelowa mpaka magotini na mto ulikuwa umejaa, nawe umerudi mzima. Basi shauri hilo nimelifunga.

Siendi kwa kaka kwa sababu nimedanganyika. Nataka kwenda kwa sababu yeye ana miaka themanini na miwili, mimi sabini na sita, na nimechoka kungoja kuitwa.

Kuhusu neno karani. Mwaka 1955 niliajiriwa bomani kuwa karani na mkalimani wa Bwana Pethick, Bwana Shauri, yaani Mwingereza mkuu wa wilaya. Watu walimwita Bwana Kipimo, kwa kuwa alitembea na mti uliochongwa alama wa kupimia upana wa matuta. Serikali iliamuru kila shamba la mteremko lipigwe matuta ili udongo usiondoke na mvua. Kwa akili ya kitabu jambo lilikuwa jema. Kwa mgongo wa mtu lilikuwa balaa. Watu waliinama wiki nzima kwenye matuta, na mahindi yao yenyewe yakakosa mtu wa kuyapalilia. Mwezi wa kumi, mwaka 1956, wakakataa.

Ikatolewa orodha ya wanaume kumi na wanne. Wakaitwa barazani, majina yakasomwa, wakapelekwa gerezani Tanga miezi sita. Kaka yangu Athumani alikuwa wa tatu. Msomaji nilikuwa mimi. Bwana hakuwa akisoma majina ya watu mwenyewe, alisema anayaharibu na si heshima. Yeye alisimama kofia mkononi, karani akasoma.

Kaka akiwa Tanga, mtoto wake wa kwanza, Saidi, alikufa kwa surua. Kaka hakuletwa kuzika. Alipotoka watu walimwambia orodha ile niliandika mimi ili nipandishwe cheo. Hakuniuliza. Tangu siku hiyo hajanisemesha.

Mimi sikuiandika. Lakini nani ataapa kwa ajili yangu? Jumbe, mkuu wa kijiji wakati ule, alikufa. Bwana aliondoka baada ya Uhuru akaenda hukohuko Ghuba uliko wewe, akaniletea kadi yenye picha ya nyumba nyeupe na mitende, halafu kimya. Usijisumbue na mambo haya. Soma shule.

Msalimie Abdulrahman, mwambie alale akipata nafasi. Simu usipige, sikio langu la kulia limestaafu.

Wako,
Babu Kassim


Al Wukair, Doha
20 Machi 2010

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mvua za masika zimeanza vizuri na magoti yamekubali kusogea. Sisi ni wazima, ila Baba amepewa na zamu ya Ijumaa, kupeleka watu wa mashambani Umm Salal, kwa hiyo sasa hana siku ya kulala. Juzi alisinzia akifunga kamba za viatu.

Usinikasirikie. Uliniambia nisijisumbue, nikajisumbua.

Shuleni kwetu maktaba inatunzwa na Dada Proscovia kutoka Uganda. Wakati wa mapumziko wenzangu huenda uwanjani, mimi huenda kwake kupanga vitabu, kwa sababu vitabu havimuulizi mtu kwa nini hasemi. Yeye hunitania kwamba nitaolewa na kabati. Nilimweleza habari ya Bwana Pethick bila kumwambia kuhusu Babu Athumani. Akasema, "Wewe Shani, Waingereza hawa walikuwa wanaandika hata wakikohoa. Mtu wako lazima ameacha makaratasi mahali."

Tulitafuta kwa kompyuta siku tatu. Siku ya nne tukalipata jina lake kwenye orodha ya maktaba moja ya Uingereza inayohifadhi karatasi za maofisa wa zamani. Alifariki mwaka 1991, binti yake akazipeleka huko. Kuna maboksi manne. Maelezo ya kazi yake yamefupishwa hivi: aliwasili Tanganyika mwaka 1947 akiwa na miaka ishirini na minne. Alikuwa ofisa mwanafunzi, kisha msaidizi, kisha Bwana Shauri katika wilaya tatu. Mwaka 1962 alikuja Ghuba, akafanya kazi katika ofisi ya Waingereza ya pasi na mashauri ya watu. Mwaka 1971 akarudi kwao, akawa msimamizi wa mifereji ya maji machafu katika halmashauri ya mji mdogo mpaka alipostaafu.

Babu, niliisoma mistari hiyo nikamwonea huruma kidogo. Kila alipofika, watu waliamua kuondoka kwenye himaya.

Katika boksi la pili kuna shajara zake za safari, miaka 1954 mpaka 1957. Nimewaandikia barua kuomba kurasa za Oktoba 1956. Dada Proscovia alinisahihishia Kiingereza, na Ijumaa alipokwenda kanisani Mesaimeer akaniombea, ingawa mimi si wa dini yake. Amesema maombi hayana pasi.

Nataka kujua jambo moja tu kabla hawajajibu. Ikiwa ukurasa utasema orodha hukuiandika wewe, utaniruhusu nimpelekee Babu Athumani?

Mjukuu wako,
Shani


Kwemzizi, Lushoto
18 Aprili 2010

YAH: KURASA

Bibie,

Marahaba. Nimepokea barua yako. Mvua ipo, magoti hayapo.

Kumbe Bwana amekufa. Nilidhani angalau mmoja wetu atakuwa anakaa kivulini kwake akipumzika. Mifereji ya maji machafu. Alikuwa mtu wa kupenda maji yapite panapostahili, basi labda hakuona vibaya.

Kaka amezidiwa. Anakaa kitandani, anakunywa uji tu. Ijumaa iliyopita nilijikokota mpaka ng'ambo ya korongo, nikasimama uani. Mkamwana wake alitoka akanisalimia kwa adabu, akasema mgonjwa amelala. Nikasikia kikohozi chake ndani. Hakuwa amelala. Nikarudi.

Swali lako jibu lake ni ndiyo. Orodha ililetwa na jumbe, kwa mkono wake mwenyewe, na Bwana aliandika kila kitu. Ukurasa ukisema hivyo, uandike kwa Kiswahili, uupeleke kwa kaka. Sikutaka kutumaini, lakini umenitumainisha, na kazi hiyo inachosha kuliko kulima.

Nilikuwa karani mzuri, Shani. Nilipiga chapa bila kuangalia vidole. Sikupokea hata yai la mtu. Bwana alinifundisha kwamba ofisa hana upande. Aliamka kabla ya wapagazi, akala walichokula, akalipa kila kuku kwa bei ya soko. Hakumpiga mtu hata siku moja. Alitufunga kwa upole, ndiyo maana ilituwia vigumu kumchukia vizuri.

Nasubiri.

Babu Kassim


Al Wukair, Doha
10 Juni 2010

Babu,

Shikamoo. Hali yako? Hali ya Babu Athumani? Huku joto limefika pale ambapo hata ndege wanatembea kwa miguu kwenye kivuli cha ukuta. Mitihani imekwisha.

Kurasa zimekuja. Ziko sita. Dada Proscovia alizichapa maktabani akaniachia nizisome peke yangu, akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Tano ni za mvua, matuta, ng'ombe waliovuka mpaka, na meno yake ya nyuma yaliyokuwa yakimuuma. Wa sita ndio wenyewe. Nimeutafsiri neno kwa neno. Umefika mwisho kabisa wa karatasi, mpaka pembeni.

"Tarehe 9 Oktoba 1956, Kwemzizi, siku ya nne. Jumbe ameniletea majina kumi na matano ya wanaoongoza mgomo wa matuta. Nimeyapokea mkononi mwake. Karani wangu K. hakuwa nami na hakuyajua mpaka nilipompa ayanakili.

"Saa kumi na moja jioni K. alirudi na nakala. Akasema, wa tatu ni kaka yangu, bwana. Hakuomba chochote. Nikajisikia vibaya. Nikamwambia naweza kufuta jina moja, lolote alitakalo, nami sitauliza sababu. Nikampa kalamu yangu. Alisimama muda mrefu. Kisha akafuta jina la kumi na moja, Hemedi, akanirudishia kalamu.

"Tarehe 10 asubuhi alisoma majina kumi na manne kwa sauti safi, bila kukwama. Ndiye karani bora niliyewahi kuwa naye."

Pembeni kuna maneno mengine, kwa wino tofauti na mkono unaotetemeka. Yana tarehe ya mwaka 1983.

"Matuta ya Kwemzizi yaliachwa baada ya miaka miwili. Nimesikia sasa ni mteremko tena. Kati ya yote niliyoyafanya kwa miaka ishirini na minne, ninalolikumbuka zaidi ni kalamu ile. Ningekuwa mimi, ningemfuta kaka yangu."

Huo ndio ukurasa, Babu. Mwanzo wake unasema ulivyosema wewe. Nilifurahi mpaka nikafika katikati.

Sijampelekea mtu. Sijamwonyesha hata Baba. Hemedi ni nani? Kwa nini yeye?

Mjukuu wako anayekupenda,
Shani


Kwemzizi, Lushoto
9 Julai 2010

Bibie,

Marahaba. Barua hii haina kichwa cha habari, nimeshindwa kukipata.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Sehemu ya pembeni ndiyo imenikalisha chini. Kumbe yeye angemfuta ndugu yake. Miaka hamsini na minne nimekaa na sheria niliyofundishwa na mtu yule, na mwenyewe asingeifuata.

Hemedi alikuwa jirani yetu. Mkewe alikuwa amekufa mwezi ule, akamwachia watoto watatu, mdogo hata kutembea bado. Niliposhika kalamu niliwaza watoto wale. Hiyo ni kweli. Lakini nisikufiche, niliwaza na jingine. Niliwaza kwamba nikimfuta kaka, Bwana ataniona mtu wa ndugu zake kama wengine wote, na ile sauti anayonisemesha nayo itabadilika. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilitaka nionekane safi. Kaka alikuwa na afya, nikasema miezi sita ataivumilia. Saidi alikuwa anacheza uani siku ile. Nani angejua kuhusu surua?

Hemedi hakuambiwa kamwe. Alikuwa wa kwanza kuniita karani njiani. Amekwisha kufa, wanawe ndio wenye duka pale juu. Hata Bibi yako sikumwambia.

Unaona sasa kwa nini nilinyamaza. Wanadhani nilimwandika kaka. Nikiwaambia kwamba sikumwandika, ila nilipewa kalamu ya kumtoa nikamwacha, je, hiyo ni nafuu?

Sasa sikiliza. Kaka anaondoka. Shangazi yako anasema hamalizi mfungo wa Ramadhani. Barua itachelewa, kwa hiyo mpigie simu wewe, namba ya mkamwana wake anayo Shangazi. Msomee ukurasa mpaka pale penye karani hakuyajua majina. Hapo simama. Mengine yaache. Si uongo, ni kunyamaza tu, na nimenyamaza muda mrefu bila kumdhuru mtu. Sitaki anisamehe yote. Nataka niruhusiwe kuketi kwenye kigoda karibu na kitanda chake. Nimechoka kusimama uani.

Hili ni agizo, si ombi.

Babu yako,
Kassim


Al Wukair, Doha
7 Agosti 2010

Babu yangu,

Shikamoo. Nakuandikia leoleo, Jumamosi, ili niseme kila kitu kwa mpangilio. Barua itabebwa na Nahashon, askari wa geti letu, anayekwenda likizo kwao Kenya. Ataiposti Nairobi. Mpaka ikufikie utakuwa umeshajua mengine, lakini mengine huyajui.

Barua yako ilifika Alhamisi. Nilikusudia kutii. Nilinakili ukurasa kwenye daftari mpaka pale ulipotaka, nikapiga mstari chini, nikafanya mazoezi ya kuusoma mbele ya kioo, kwa sababu unajua mimi na simu. Leo saa saba mchana Baba alikuwa nyumbani. Nilimweleza yote. Alisikiliza huku amejiegemeza ukutani, hajavua hata soksi. Nilidhani ataniambia nini cha kufanya. Akasema, "Mimi nimezaliwa mambo hayo yameshaoza, mwanangu. Piga. Mimi nitakaa hapa." Akakaa.

Alipokea mkamwana. Akauliza ni nani. Nilisema, "Ni Shani, binti wa Abdulrahman, mjukuu wa Karani." Akalirudia jina langu taratibu. Nadhani alinikumbuka. Kisha akauliza nasomaje, nikasema nasoma vizuri, akasema atamwekea mzee simu sikioni.

Sauti ya Babu Athumani ni kama yako, ila nzito na ya polepole. Nilimwamkia. Nikamwambia nimepata karatasi ya Bwana Kipimo ya mwaka 1956. Hakuuliza nimeipata wapi. Akasema, "Soma."

Nikasoma. Nikafika penye karani hakuyajua majina, nikasimama, kama ulivyoniagiza.

Nilisikia mtu anatwanga mbali. Nikangoja aseme neno zuri ili nikate simu.

Akasema, "Ukurasa umeisha?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

Akasema, "Yule Mzungu alikaa siku tano mbele ya nyumba yangu na meza yake. Nilikuwa namtazama anavyoandika. Alikuwa haachi nafasi hata ya kidole. Nimekuuliza, binti, umeisha?"

Babu, ningeweza kusema ndiyo. Lingekuwa neno moja. Niliangalia daftari na ule mstari niliouchora chini, nikashindwa. Nikasema, "Bado, Babu." Akasema tena, "Soma."

Karatasi yenyewe na tafsiri yake kamili zilikuwa chini ya daftari. Nikasoma kuhusu saa kumi na moja jioni, na kalamu, na jina la kumi na moja. Nililazimika kurudia jina la Hemedi mara mbili. Nikasoma kuhusu asubuhi. Nikasoma na ya pembeni yote, mpaka penye maneno "ningemfuta kaka yangu." Baba alikuwa ameziba uso kwa viganja.

Babu Athumani akasema, "Hemedi." Baadaye tena akasema, "Wale watoto walikuwa watatu." Akakohoa, mkamwana akamnywesha kitu, akarudi.

Aliyoyasema baada ya hapo nayaandika kama alivyoyasema. "Mimi sikuwahi kuuliza nani aliandika. Hayo ni maneno ya watu, walihitaji kitu cha kusema. Mimi nilisimama pale barazani nikamsikia mdogo wangu, niliyembeba mgongoni, akisoma jina langu kama anasoma jina la mtu baki wa Handeni. Hakukwama. Ndilo nililokwenda nalo Tanga, na ndilo nililorudi nalo. Angekwama kidogo tu, binti. Kidogo tu."

Nilisema nisamehe, ingawa sijui nilikuwa naomba kwa ajili ya nani. Akasema mimi sina kosa. Kisha akasema amechoka, na kwamba mtu akikaa na hasira mpaka meno yakaisha, hasira yenyewe haina tena cha kutafunia. Nikasikia anamwambia mkamwana amgeuze upande.

Nilidhani yamekwisha. Lakini akasema, akiwa mbali na simu, nikamsikia vizuri: "Mwambie asije asubuhi. Asubuhi wananiogesha. Aje baada ya adhuhuri."

Nilimshukuru. Mkamwana akarudi kwenye simu, akaniambia amesikia, atatandika mkeka na kigoda atakiweka. Tukaagana.

Najua nimevunja agizo lako. Sikuvunja kwa kusahau. Ukitaka kunikasirikia nitapokea, na ukiacha kuniandikia nitaelewa, ila nitaendelea kukuandikia.

Baada ya hapo nilimpigia Shangazi Tatu. Nikamwambia akupeleke kesho Jumapili baada ya adhuhuri, mpite njia ya chini isiyo na mawe, na akuambie mapema kwamba kaka yako ameshasomewa ukurasa wote, ili usiingie ndani hujui. Nikamfanya arudie maneno hayo mara mbili. Baba akaenda kulala. Nikachukua karatasi yenyewe na tafsiri yake, zote mbili kamili, nikazikunja, nikazitia ndani ya bahasha hii. Ule ukurasa wa daftari niliouishia katikati nikauchana. Nikateremka getini, Nahashon alikuwa anakula, nikamngojea amalize. Nikamwambia nitamletea bahasha nikimaliza kuandika. Akauliza kama ni ya haraka. Nikamwambia hapana, ya haraka nimeshapiga simu.

Mjukuu wako,
Shani